KODI ZA SUS KWENYE KINANDA: NOTA INAYOSUBIRI ZAMU YAKE



Mpendwa kijana, leo tunaweka pembeni kidogo tafakari zetu za kawaida, tunakaa kwenye kinanda. Vijana kadhaa wanaopiga parokiani na vigangoni wamekuwa wakiniuliza swali linalofanana: "Frateri, ile kodi tamu inayosikika kabla wimbo haujatua, inapigwaje?" Wengine wameshaipata kwa sikio na wanaipiga vizuri tu, ila ukiwauliza wanapiga nini wanakuonyesha vidole. Si vibaya. Sikio ndo mwalimu wa kwanza. Shida inakuja wimbo unapohamia kii nyingine, au mwalimu wa kwaya anaposema "hapa usipige hiyo", na wewe hujui kwa nini hapa ikatazwe na pale iruhusiwe.

Basi somo la leo lina kazi mbili: tuielewe hiyo kodi, halafu tujue pa kuipiga. Nitatumia herufi (C, D, E) pamoja na do-re-mi, maana wengi wetu tumelelewa na do-re-mi kwenye kwaya. Na nikisema kodi, sisemi ya mwenye nyumba wala ya TRA. Ni nota tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja. Kama una kinanda karibu, kiwashe. Kama huna, soma taratibu huku ukiziimba nota.

1. Tuanze na mi

Piga kodi ya C maja: C, E, G. Hiyo ni do, mi, so. Kila nota ina kazi yake. Do inatuambia tuko nyumbani kwa nani. So inaisaidia do isimame imara. Mi ndiyo inayotuambia hali ya hewa ya nyumba hiyo: ukiishusha nusu toni, ikawa Eb, kodi inageuka C maina na mara moja unasikia kitu kimeingia huzuni.

Sasa ondoa mi kabisa. Piga C na G tu. Umesikia? Pametokea uwazi katikati. Hujui kama ni maja au maina. Ni katika uwazi huo ndipo sus inaingia, kwa njia mbili:

- Weka fa mahali pa mi: C, F, G. Hii ni Csus4, kwa sababu F ni nota ya nne ukihesabu kuanzia C.
- Weka re mahali pa mi: C, D, G. Hii ni Csus2, kwa sababu D ni ya pili.

Tafadhali shika neno hili: *mahali pa*. Fa inakaa kwenye kiti cha mi, haibanani nayo. Ukipiga C, E, F, G zote kwa pamoja umeongeza tu nota ya nne juu ya kodi ya maja, na hiyo si sus. Wapigaji wengi wanasema "nimepiga sus lakini inasikika chafu", na ukiangalia mkono unakuta kidole cha mi bado kimelala pale pale.

Jambo lingine la kuchekesha kidogo. Csus2 ni C, D, G. Gsus4 ni G, C, D. Nota ni zile zile! Tofauti ni nani yuko chini. Kwa hiyo ukiwa na mpiga gitaa la besi, au mkono wako wa kushoto uko macho, kumbuka kwamba besi ndiyo inayoipa kodi jina.

2. Jina "sus" limetoka wapi

Neno lenyewe ni la Kilatini, *suspendere*, yaani kutundika au kuning'iniza. Nota imening'inia. Lakini kitu hakining'inii hewani bila kushikwa na kitu, na ukilikumbuka hilo umeshaelewa nusu ya somo.

Waimbaji wa Kanisa katika karne ya 16, akiwemo Palestrina aliyefanya kazi Roma na kufariki mwaka 1594, waliitumia sana mbinu hii wakiwa hawana hata dhana ya kodi kama tuliyonayo sisi. Wao waliwaza sauti zinazotembea pamoja. Sauti moja inachelewa kushuka wakati wenzake wameshahama, na ule uchelewaji unazaa mvutano mfupi, kisha inashuka kwa hatua moja na amani inarudi. Kuna ngazi tatu: kuandaa, kushikilia, kutua.

Hebu zipige. Mkono wa kulia uanze na C, F, A, besi ikiwa F. Hiyo ni F maja, na fa yetu iko nyumbani kwake, haigombani na mtu.

Sasa hamisha A iende G, na besi iende C. Usiiguse F, iache inaendelea kulia. Mkono wa kulia una C, F, G. Ile ile F iliyokuwa na amani sasa inavuta, kwa sababu wenzake wamehama na yeye amebaki.

Mwisho, ishushe F iende E: C, E, G. Tumefika.

Umeona? Ile F haikuvunja mlango. Ilikuwa mwenyeji kwenye kodi iliyotangulia, ikachelewa kutoka. Ndiyo maana sikio linaivumilia, hata linaipenda. Ninawaambia haya kwa sababu wapo wazee wetu wanaoamini kila kodi ya sus imeletwa kanisani kutoka disko. Hapana, mzee wangu. Kwaya za Kanisa ziliishi na nota zinazoning'inia karne nyingi kabla ya spika ya kwanza kutengenezwa.

3. Kuirefusha kodi

Sasa tuongeze urefu. Chukua kodi ya G, ambayo kwenye kii ya C ni kodi ya tano, kodi ya so. Ijenge kwa kuruka nota moja moja kwenda juu: G, B, D, F, A, C, E. Zote ni vitufe vyeupe. Ukizihesabu kutoka G, namba zake ni 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13. Hizo za juu, hasa 9, 11 na 13, ndizo zinazoifanya kodi iitwe iliyorefushwa. Usiogope namba kubwa: 9 ni ile ile nota ya 2 iliyopanda oktava moja, 11 ni ya 4, na 13 ni ya 6.

Kodi ya sus iliyorefushwa ni ndoa ya mambo haya mawili. Tunairefusha kodi, na palepale nota ya tatu (hapa ni B) inaiachia kiti nota ya nne (C):

- G7sus4: G, C, D, F
- G9sus4: G, C, D, F, A
- G13sus4: G, C, D, F, A, E

Zipige polepole moja baada ya nyingine. Ya kwanza ina ukali kidogo. Ya pili imejaa, ni pana. Ya tatu ina mwanga fulani kwa sababu ya E iliyo juu.

Mtu makini ataniuliza: "Frateri, mbona 11 na 4 ni C ile ile? Kwa nini tusiseme tu G11?" Swali zuri. Kwa nadharia, G11 bado ina B ndani yake. Lakini B ikiwa chini na C ikalia oktava ya juu yake, zinasuguana vibaya, hivyo wapiga piano wengi wanaiacha B. Ukishaiacha, umebaki na G9sus4. Ndiyo maana kwenye karatasi nyingi za nyimbo, G11 na G9sus4 zinapigwa sawa. Tofauti ni kwamba neno "sus" linakupa amri ya wazi: ya tatu itoke.

4. Njia fupi ya kuipata

Nota tano au sita kwa mkono mmoja ni mateso. Kuna njia rahisi, na wapigaji wengi wa nyimbo za injili wanaitumia kila siku. Mkono wa kushoto piga G peke yake. Mkono wa kulia piga F maja: F, A, C. Basi!

Hesabu sasa: juu ya G, F ni 7, A ni 9, C ni 4. Umepata G9sus4 bila jasho. Tunaiandika F/G, na tunaisoma "F juu ya besi ya G". D haipo, lakini ya tano ikikosekana sikio halilalamiki. Ukiitaka D, piga D, F, A, C mkono wa kulia, yaani Dm7/G. Ukitaka 13, piga F, A, C, E, yaani Fmaj7/G.

Kwa do-re-mi ni rahisi zaidi, na hii uiandike kwenye daftari: besi so, mkono wa kulia fa-la-do. Sentensi hiyo inafanya kazi kwenye kii yoyote:

- Kii ya C: F/G
- Kii ya G: C/D
- Kii ya D: G/A
- Kii ya A: D/E
- Kii ya F: Bb/C
- Kii ya Bb: Eb/F
- Kii ya Eb: Ab/Bb

Ukiziangalia utagundua kwamba kodi ya kulia daima iko toni nzima chini ya besi. Hiyo nayo ni njia ya kukumbuka, hasa kama do-re-mi bado inakuchanganya.

5. Kuitua

Kodi ikishavuta, tunaishusha vipi? Angalia mkono wa kulia, na usirukeruke:

- Besi G, kulia F, A, C
- Besi G, kulia F, G, B
- Besi C, kulia E, G, C

Kutoka ya kwanza kwenda ya pili, F imetulia, A imeshuka kwenda G, na C imeshuka kwenda B. Hiyo C kwenda B ndiyo nota yetu iliyoning'inia inatua. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, G inabaki, F inashuka kwenda E, B inapanda kwenda C. Hakuna kidole kilichosafiri zaidi ya toni moja. Ukisikia mpigaji ana mtiririko mzuri, mara nyingi siri si kasi ya vidole. Vidole vyake vinatembea hatua fupi.

Je, ni lazima itue? Kwa Palestrina, ndiyo. Kwa muziki wa baadaye, si lazima. Mpiga piano wa Marekani Herbie Hancock alirekodi mwaka 1965 kipande kiitwacho "Maiden Voyage", maana yake safari ya kwanza ya meli. Kinaanza na kodi unayoweza kuiandika Am7/D, kinakaa hapo, halafu kinaenda Cm7/F. Zilinganishe na Dm7/G yetu, utaona zimejengwa kwa namna ile ile. Ila Hancock haziteremshi. Anahama kutoka sus moja kwenda nyingine, na msikilizaji anaelea majini. Kwa hiyo sus ina maisha mawili: kuna inayosubiri kutua, na kuna inayokaa kama rangi yenyewe. Mpigaji anayejua kazi yake anajua, kabla hajabonyeza, ni ipi kati ya hizo mbili anayoipiga.

6. Nani anaimba ti?

Hapa sasa tunarudi kanisani.

Nilihudhuria mazoezi ya kwaya kwenye kigango kimoja. Kijana aliyekuwa kwenye kinanda alikuwa na mkono mzuri kweli, na kila mwisho wa mstari aliweka F/G yake kwa raha. Mama mmoja wa alto akasimamisha wimbo: "Mwanangu, unaipiga vizuri, lakini sauti yangu unaipeleka wapi?" Wengine wakacheka. Tukafungua nota. Mahali pale alto walikuwa wanaimba ti, yaani B, na kinanda kilikuwa kinalia C, nusu toni juu yao. Yule mama hakuwa na kosa. Alikuwa anaimba kilichoandikwa, na chombo kilichopaswa kumshika mkono kilikuwa kinamvuta pembeni.

Angalia tena G13sus4: G, A, C, D, E, F. Kati ya nota saba za kii ya C, sita zimo ndani yake. Imebaki moja tu nje, nayo ni B. Kwa hiyo kanuni ni fupi: kabla hujapiga sus kwenye kodi ya so, uliza nani anaimba ti.

- Kama hakuna sauti inayoimba ti, piga kwa amani.
- Kama kuna sauti inayoimba ti tangu mwanzo wa kodi, acha. Piga G au G7 ya kawaida.
- Kama kuna sauti inayoimba do halafu inashuka ti, mtunzi ameshaiweka sus ndani ya sauti. Piga F/G wakati wa do, na G7 wakati wa ti, pamoja nao, si kabla wala baada.

Kwenye nyimbo za sauti nne, kodi ya so mara nyingi ina mtu anayeimba ti, alto au tena. Kwenye wimbo ambao waamini wote wanaimba sauti moja, una nafasi zaidi, mradi uangalie wimbo wenyewe unapita wapi. Kwenye utangulizi, au kati ya ubeti na ubeti, uko huru.

Hili si suala la ladha tu. Hati ya *Musicam Sacram* ya mwaka 1967, namba 64, inasema vyombo vinavyosindikiza uimbaji viwe msaada kwa sauti na viwarahisishie watu kushiriki, na mlio wake usizifunike sauti kiasi cha maneno kutosikika. Mwimbaji wa kijijini asiyesoma nota anategemea kinanda kumpa njia. Ukimyumbisha, ananyamaza. Na akinyamaza yeye, ni sala yake ndiyo imenyamaza.

Wakati wa Kwaresima kumbuka pia maelekezo ya Misale ya Kirumi, namba 313: vyombo vinapigwa kwa ajili ya kutegemeza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Kwa hiyo zile tangulizi ndefu za F/G, Eb/F na ndugu zake zinasubiri Pasaka.

7. Neno moja la Mtakatifu Augustino

Nimesoma falsafa, kwa hiyo mnivumilie aya mbili. Katika kitabu cha 11 cha *Maungamo*, Augustino anahangaika na swali la wakati ni nini, na mfano anaoutumia ni wa mtu anayetaka kuimba zaburi anayoijua. Kabla hajaanza, zaburi yote iko kwenye matarajio yake. Anapoimba, sehemu iliyopita inaingia kwenye kumbukumbu, iliyobaki inaendelea kupungua kwenye matarajio, na umakini wake uko pale anapoimba sasa.

Nota ya sus ni mfano huo huo umebanwa ndani ya pigo moja. Ile F ya mwanzo tunaielewa kwa sababu tunakumbuka F maja iliyotangulia, tunaisikia sasa ikivuta, na tunaitarajia ishuke kwenye mi. Ukiipiga bila kukumbuka ilikotoka, inakuwa pambo tu. Ukiipiga bila kujua inakoenda, unawaacha waimbaji njiani. Wapigaji wengi wachanga wanajifunza umbo la kodi, vidole vikae wapi, lakini hawajiulizi kodi hiyo imetoka kwa nani na inampelekea nani. Mimi naona hapo ndipo tofauti ilipo kati ya kujua kodi nyingi na kusindikiza.

8. Mazoezi ya wiki

Dakika 15 kwa siku zinatosha.

*Siku ya 1 na ya 2.* Piga C-F-A, C-F-G, C-E-G na besi zake (F, C, C). Imba nota inayoning'inia kwa sauti huku ukipiga: fa, fa, mi. Rudia kwenye kii ya G na kii ya F.

*Siku ya 3 na ya 4.* Piga F/G, G7, C bila kurukaruka, kisha zipeleke kwenye kii zote saba za orodha yetu. Usitumie kitufe cha kuhamisha kii. Najua kipo, na najua kinavutia.

*Siku ya 5.* Chukua wimbo mmoja mnaouimba Dominika. Tafuta kila mahali penye kodi ya so, na uandike kwa penseli nani anaimba ti. Weka alama panapofaa sus. Usishangae ukikuta ni sehemu mbili tu katika wimbo mzima.

*Siku ya 6.* Nenda mazoezini mapema. Mwonyeshe mwalimu wa kwaya alama zako kabla ya kuzipiga, mwambie sababu zake, na mwombe alto wapitie mistari hiyo pamoja nawe. Akikwambia acha, acha bila kununa. Yeye anasikia sauti nne kwa pamoja, wewe uko nyuma ya kinanda.

Dominika ikifika, piga ulichokubaliana nao. Na kama kuna mama wa alto anayeonekana kutafuta nota yake, mpe ti yake ilie wazi, aishike, muendelee.

Nawatakia mazoezi mema. Tuombeane.